Mapishi ya Mama Zetu Nayo Yaingie Vitabuni

Kitabu cha mapishi hakina heshima miongoni mwa wasomi wetu. Mwalimu akionekana katika chumba cha walimu akisoma riwaya husifiwa, na akisoma gazeti huulizwa habari za siasa. Lakini akionekana ameshika kitabu cha upishi hana budi kujieleza. Iwapo ni mwanamume, wenzake watamuuliza kama mkewe amerudi kwao. Mimi nimeulizwa swali hilo mara nyingi hapa Nyamache, na bado jioni, nikishamaliza kusahihisha madaftari, hukifungua kitabu cha aina hiyo na kukisoma ukurasa baada ya ukurasa, kama vile mwingine asomavyo hadithi za safari.

Na kwa hakika ni safari. Nyamache iko katika nyanda za juu za Bobasi, Kaunti ya Kisii, mahali penye mvua nyingi, majani chai na migomba. Mtu wa huku hukua akijua ugali, mboga za majani, ndizi za kupika, maharagwe, maziwa, na nyama ya siku za sherehe. Nazi huiona sokoni mjini Kisii kama mgeni aliyetoka mbali, na mdalasini huujua kwa jina. Vitabu vya mapishi ya pwani na visiwani, mathalani kile cha Zarina Jafferji kiitwacho A Taste of Zanzibar, humchukua msomaji wa bara hadi penye meko ya watu ambao hajapata kuwaona, wakamwonyesha wanachotia chunguni na kwa nini. Sijui fasihi nyingine inayomkaribisha mgeni hadi jikoni kwa upesi kiasi hicho.

Hebu nitoe mfano mmoja. Nilikuwa nimesoma kuhusu mchicha wa nazi, chakula cha kawaida kabisa kwa mtu wa pwani. Mchicha huku tunao, tunauita emboga, lakini siku hiyo shambani mlikuwa na majani ya maboga, ambayo kwa Ekegusii ni risosa, nikaamua kuyatumia hayo. Mbuzi ya kukunia nazi sina, kwa hiyo niliiparuza nazi kwa bati la matundu tunaloparuzia karoti, kazi iliyochukua muda mwingi kuliko upishi wenyewe. Nililikamua tui la kwanza zito nikaliweka kando, kisha tui la pili jepesi nikalipikia mboga. Maelekezo yalisisitiza kwamba tui zito litiwe mwishoni, na likishatiwa, mpishi asiache kukoroga mpaka chungu kichemke, la sivyo tui litakatika. Sikuacha kukoroga. Mboga ilitoka laini, nyeupe kwa kijani, yenye utamu ambao majani ya maboga hayajapata kuwa nao nyumbani kwangu.

Jirani yetu mmoja, mama mkongwe ambaye hupita kila jioni kutujulia hali, aliionja akaniuliza, “Mwalimu mwanangu, kwani ng'ombe wako amekauka, mpaka unakamua mti?” Tulicheka sana. Hata hivyo, aliongeza sahani ya pili, na kabla ya kuondoka akasema kwamba maziwa hayo ya mti huenda yakafaa hata kwa chinsaga.

Neno lake hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nilirudi kwenye rafu yangu ya vitabu nikitafuta chinsaga. Keki niliziona za kila namna. Wali ulikuwako wa namna nyingi, na mchuzi, na mikate ya sinia, na vitindamlo vya Ulaya ambavyo vyahitaji joko na krimu. Chinsaga, chakula ambacho hapana mtoto wa Omogusii asiyekijua, sikuiona imeelezwa kwa vipimo na hatua mahali popote katika rafu ile.

Hapana ajabu katika jambo hilo tukitazama jinsi vitabu vya upishi vilivyoanza katika nchi hii. Mnamo mwaka 1928, chama cha akina mama wa Kanisa la St Andrew's mjini Nairobi kilitoa kitabu kiitwacho The Kenya Settlers' Cookery Book and Household Guide. Jina lenyewe latosha kueleza kiliandikiwa nani. Mlowezi wa Kiingereza alihitaji kujua namna ya kupika vyakula vya kwao kwa vitu vilivyopatikana huku, na pia namna ya kuendesha nyumba. Katika nyumba nyingi za walowezi aliyesimama mbele ya jiko alikuwa mpishi Mwafrika, aghalabu mwanamume. Basi huyo alijifunza kupika vyakula vya kitabu, na jioni alipokwenda kwake alikula vyakula visivyoandikwa. Mgawanyiko huo wa chakula cha kitabuni na chakula cha nyumbani haukuondoka na bendera ya mkoloni. Uliingia shuleni, ukatulia.

Nasema hivyo kwa sababu nimeuona katika madaftari. Wanafunzi wa sekondari, katika insha za kiuamilifu, wamekuwa wakifunzwa uandishi wa resipe. (Neno lenyewe halinipendezi, “maelekezo ya upishi” yangetosha, lakini limekwisha kuzoeleka na sitapigana nalo leo.) Ukiwaambia waandike resipe ya chakula wakipendacho, wengi watakuandikia pilau, chapati au keki. Wataorodhesha viungo barabara, na hatua zao zitafuatana bila kasoro, kwa kuwa wamezikariri kutoka kitabuni. Ukimuuliza msichana huyohuyo kama nyumbani kwao wana joko la kuokea keki aliyoieleza, atainamisha uso na kucheka. Ukimwambia aandike alichokula jana usiku, ataduwaa. Hajui kwamba hicho nacho ni kitu cha kuandikwa.

Kuna hasara nyingine ambayo mwalimu wa Kiswahili huiona upesi kuliko mwalimu wa sayansi kimu. Kiswahili kina msamiati mpana sana wa jikoni. Chungu huinjikwa au hutelekwa jikoni, na kikishaiva kilichomo, huepuliwa. Muhogo hutokoswa, samaki hubanikwa, nyama huchomwa, unga huchekechwa, nafaka hupepetwa, mboga huchambuliwa, ugali husongwa, na wali ukikaribia kuiva hupaliwa makaa juu ya kifuniko. Kila kitenzi kati ya hivi kina kazi yake ambayo hakiwezi kuiachia kingine. Katika insha za wanafunzi wetu vitenzi vyote hivi vimemezwa na vitatu: kupika, kuchemsha na kukaanga. Mtoto ambaye kila kitu kwake “hupikwa” hawezi kutuambia tofauti kati ya mboga ya mama yake na ya jirani, hata kama ulimi wake unaijua tofauti hiyo vizuri.

Sasa niirudie chinsaga. Kwa msomaji asiyetoka huku, hii ni mboga ya majani ambayo watu wengi wa Kenya huiita saga au sageti. Wajaluo huiita dek. Ina ukali wa uchungu usiomvutia mgeni mara ya kwanza. Desturi ya Abagusii ni kumlisha mama aliyetoka kujifungua, na vilevile vijana walio kumbini baada ya kutahiriwa, kwa imani kwamba hurudisha damu. Mimi niliila kumbini, mwezi wa Desemba, pamoja na obokima bwa obori, yaani ugali wa wimbi, na maziwa ya mgando tuyaitayo amabere amaruranu. Mama aliipika katika chungu cha udongo, ikaletwa imefunikwa, haina mchuzi hata kidogo, rangi yake karibu nyeusi. Tonge la kwanza lilikuwa chungu. La pili likapungua. Kufikia la tano, kila nilipokunywa maji nilihisi utamu kinywani, kana kwamba maji yametiwa sukari. Tangu siku ile nimekula katika hoteli za Nairobi na Mombasa na katika karamu za harusi zisizo na hesabu, lakini sijapata mlo ulioniingia mwilini namna hiyo.

Mama alifariki mwaka 2011. Sisi watoto wake sote twaikumbuka ladha ya chinsaga yake, na hapana hata mmoja aliyewahi kumwona akiipika tangu mwanzo hadi mwisho, maana aliiinjika alfajiri tukiwa tumelala na kuiepua tukiwa shuleni.

Kwa hiyo nikaenda kuuliza. Niliwaendea akina mama watatu wa makamo ya mama yangu, na majibu yao nayaandika kama nilivyoyapokea, kwa kuwa ndiyo yenye uzito katika makala haya.

Wa kwanza anaishi karibu na soko la Nyamache. Yeye huchambua majani na ncha laini, akayaosha, akayachemsha kwa maji mengi, akayamwaga maji hayo, akatia mengine, akayamwaga tena. Baada ya hapo ndipo hutia maziwa mabichi na kuiacha mboga juu ya moto mdogo mpaka maziwa yakauke. Uchungu, asema, sharti uondoke na maji, la sivyo watoto hawatakula.

Wa pili, aliye mkubwa kuliko wote, aliposikia habari za kumwaga maji alishika kichwa. “Mwalimu, huyo anamwaga damu!” Kwake yeye chinsaga hutiwa maji kidogo tu, kiasi cha kuyafanya majani yasiungue, na maji hayo huishia mumo humo chunguni. Maziwa huongezwa siku ya kwanza, yakaongezwa tena siku ya pili mboga inapotiwa moto upya, na mboga huliwa siku ya tatu. Uchungu haumwagwi, huvunjwa na maziwa na muda. Chungu, kwa maoni yake, lazima kiwe cha udongo, na sufuria aliitaja kama mtu atajaye jina la adui.

Wa tatu ni mzaliwa wa Nyamira aliyeolewa huku. Yeye huchanganya: chinsaga sehemu mbili, rinagu, yaani managu, sehemu moja, na emboga kidogo, ili uchungu ugawanyike. Mwishoni hutia malai ya maziwa aliyoyaengua tangu juzi.

Wote watatu waliniapia kwamba hivyo ndivyo mama zao walivyopika, na mimi nawaamini wote. Nikiongozwa na ulimi, mama yangu alikuwa upande wa yule wa pili. Tuliijaribu njia yake nyumbani kwa siku tatu mfululizo, na dada yangu mkubwa alipoionja alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Imekaribia.”

Watu wa sayansi nao wana neno la kusema hapa, na mabishano ya akina mama wale watatu hayako mbali na mabishano yao. Mboga hii ina madini ya chuma na kalsiamu, pamoja na vitamini A na C. Vitamini C huharibiwa na moto wa muda mrefu, na pia huyeyuka majini. Anayemwaga maji mara mbili humwaga sehemu yake, na anayepika siku tatu huichoma sehemu kubwa ya ile inayosalia. Yule mama wa pili basi ana haki katika jambo la maji, lakini katika jambo la muda anaweza kuulizwa maswali. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi akizitafiti mboga za kiasili, wakati ambapo wataalamu wengi walizihesabu kuwa magugu. Utotoni mwili wake ulikataa maziwa ya ng'ombe na mayai, kwa hiyo mboga hizo zikawa chakula chake cha lazima. Mnamo 2009 yeye na wenzake, Florence Habwe, Mary Walingo na M. O. Oluoch, walichapisha utafiti kuhusu kiasi cha chuma kilichomo katika mapishi ya mboga za kiasili za Afrika Mashariki. Walichokipima ni mapishi, yaani chakula kilichoiva, wala hawakuishia kwenye majani mabichi. Ni tofauti kubwa. Mtu hali jani la maabara. Hula kilichopitia mkononi mwa mpishi, na kama mkono huo haukuandikwa popote, mtaalamu hana cha kupima.

Serikali nayo, ikishirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilitoa mwaka 2018 kitabu cha mapishi ya Kenya, Kenya Food Recipes, sambamba na majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Kenya. Humo vyakula vya kawaida vya Mkenya vimewekewa uzani kwa gramu, na kila pishi likaonyeshwa virutubishi vyake. Ni kazi ya heshima, na kila maktaba ya shule ingefaa kuwa nayo, hasa kwa vile yaweza kupatikana bila malipo kwenye mtandao. Dosari yangu nayo ni mbili. Imeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo akina mama wale watatu hawaijui. Tena, kwa kuwa yahitaji njia moja kwa kila chakula, haina nafasi ya ugomvi wa Nyamache juu ya maji ya kumwaga na yasiyomwagwa. Siilaumu, jedwali haliwezi kuwa na ugomvi ndani yake. Ila mtu mwingine sharti auandike.

Nimewahi kupingwa katika jambo hili, na hoja ya wapinzani si ya kudharauliwa. Husema kwamba mpishi wa kweli hupima kwa mkono, kwa jicho na kwa pua. Kwamba ukimlazimisha nyanya aseme “chumvi kijiko kimoja” umemfanya aseme uongo, kwa maana hajawahi kushika kijiko akitia chumvi. Na kwamba chakula kikishaandikwa huganda, kila mtu akapika sawasawa na mwenzake, kama wanajeshi wanaotembea gwaride.

Juu ya vipimo, nadhani twasahau historia yetu wenyewe. Waswahili walikuwa na kibaba, na kisaga chenye vibaba viwili, na pishi lenye vibaba vinne, zamani kabla ya gramu kufika. Haba na haba hujaza kibaba, twasema kila siku, na wanafunzi hukariri methali hiyo pasipo kujua kwamba kibaba ni chombo. Hapa kwetu soko zima huenda kwa gorogoro, mkebe wa kilo mbili ambao kila mama muuza mahindi huujua kuliko mizani. Nilipomwomba yule mama wa pili anionyeshe badala ya kunieleza, alitia chumvi kwa vidole vitatu. Niliikinga kwa karatasi, nikaimimina kijikoni: kijiko cha chai kimoja, kimejaa sawasawa. Alirudia mara tatu, na mara zote tatu haikuzidi wala kupungua kwa kiasi cha kuonekana. Mkono wake ni kipimo; nilichofanya mimi ni kuutafsiri. Nasi walimu tunajua kwamba tafsiri hupoteza kitu, lakini hatujaacha kutafsiri.

Kuhusu kuganda, ningekuwa na hofu lau tungeandika njia moja na kuitangaza kuwa ndiyo. Tukiandika zote tatu, na jina la kijiji chini ya kila moja, hapo sioni kilichoganda.

Kazi ya namna hii imekwisha kufanywa hapa nchini, tena na watoto. Wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, miongoni mwao Patrick Maundu, wakisaidiwa na UNESCO, walishirikiana na jamii ya Isukha katika Kakamega na ya Wapokot wa Mashariki kuorodhesha vyakula vyao vya jadi, na wanafunzi wa shule za msingi wakashirikishwa katika kukusanya habari kutoka kwa wazee. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013 kama mwongozo kwa yeyote atakaye kufanya hivyo kwao. Juhudi pana zaidi, iliyoanza 2007 kwa kuorodhesha mimea ya chakula pamoja na majina yake ya kienyeji, ndiyo iliyoifanya UNESCO mnamo Desemba 2021 kuitia Kenya katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Ni sifa kubwa, na ni ajabu kwamba shuleni haitajwi sana, ilhali rekodi za mbio za masafa marefu kila mtoto anazijua.

Na huko ng'ambo, Hawa Hassan, mzaliwa wa Mogadishu aliyekulia Seattle, Marekani, alitoa mwaka 2020 kitabu kiitwacho In Bibi's Kitchen, akisaidiana na Julia Turshen. Ndani yake akina nyanya kutoka nchi nane zinazopakana na Bahari ya Hindi, Kenya ikiwamo, wanatoa mapishi yao na kuhojiwa kuhusu maisha yao. (Huyo “bibi” wa jina la kitabu ni nyanya yetu sisi wa bara.) Wanaosema kwamba vyakula vya nyanya haviuziki watazame kitabu hicho kilivyopokewa. Kisii haina bahari, kwa hiyo hatukuwa na haki ya kudai nafasi humo. Lakini namna yake ya kuuliza, yaani kumtaja mpishi kwa heshima na kumwacha aseme kwa maneno yake, hiyo twaweza kuiazima bila kulipa.

Niseme neno pia juu ya wimbi, kwa kuwa chinsaga bila obokima ni nusu ya mlo. Zamani wimbi ndilo lililokuwa nafaka kuu ya Abagusii. Mahindi yalienea wakati wa ukoloni yakalisukuma pembeni, kisha yakaja majani chai, zao lililotupatia kiwanda hapa Nyamache na karo za watoto wengi, na siwezi kulisema vibaya. Lakini mashamba yetu ni madogo na hugawanywa kila kizazi, na wimbi ni zao la taabu: palizi lake huvunja mgongo, na ndege hulipenda kuliko sisi. Leo familia nyingi hulinunua kwa gorogoro, kwa uji wa mtoto mchanga au wa mgonjwa. Ugali wake, wenye rangi ya udongo, uliosongwa ukawa mgumu na kuwekwa katika kikapu kiitwacho ekee, wengi wa wanafunzi wangu wameuona kwenye harusi na matanga tu. Gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, kiasi ambacho mahindi hayakikaribii hata kidogo. Mtoto aliye kidato cha pili anaweza kukuandikia habari hiyo kwenye mtihani, akapata alama zote, na asijue unga wa wimbi husongwaje bila kufanya madonge.

Mwaka 2024, somo la sayansi kimu liliunganishwa na kilimo katika shule za msingi na sekondari msingi. Wapo walionung'unika. Mimi naona nafasi, kwa kuwa kilichokuwa kimetenganishwa, shamba upande mmoja na jiko upande mwingine, sasa kimo mikononi mwa mwalimu mmoja. Naye akiungana na mwenzake wa Kiswahili, kazi ninayoifikiria haihitaji fedha wala ruhusa ya mtu. Yahitaji daftari, gorogoro, kikombe, kijiko cha chai na saa. Mwanafunzi akae jikoni na nyanya yake tangu chungu kinapoinjikwa hadi kinapoepuliwa, aandike anachokiona kabla ya anachoambiwa, aweke jina la Ekegusii kando ya jina la Kiswahili, na akiulizwa kwa nini maji hayamwagwi, aandike jibu la nyanya kama lilivyo, hata kama mwalimu wa sayansi atakuwa na lake la kuongeza pembeni.

Wanafunzi wangu wamekwisha kuanza, na daftari letu lina kurasa chache. Ile ya yule mama wa pili inasomeka hivi: majani ya chinsaga yaliyochambuliwa na kushindiliwa, gorogoro mbili; maji, kikombe kimoja; maziwa mabichi, vikombe viwili kwa siku ya kwanza na kimoja kwa siku ya pili; chumvi, kijiko cha chai kimoja, siku ya mwisho tu. Moto mdogo, saa moja kila siku. Chungu kisifunuliwe usiku. Ukurasa wa mama wa Nyamira umekamilika pia. Wa mama wa sokoni bado, kwa sababu amesikia mwenzake alivyomsema, na anataka kwanza aje aonje.

Kwa walimu watakaotaka kujaribu, nashauri likizo ya Desemba kwa chinsaga, wakati vijana wamo kumbini na vyungu viko motoni kila boma. Wimbi lingojee ile ya Agosti, mavuno yanapoletwa nyumbani na mtoto anaweza kuyafuata tangu kupepeta, kusaga, hadi kusonga. Maziwa ya mgando hayana msimu, ila yahitaji kibuyu, na vibuyu vizuri siku hizi ni vya kutafutwa.